Mbona sura hupanuka kwenye runinga za kisasa?

UKITAZAMA vipindi vya zamani vya Vitimbi kwenye runinga pana, huenda ukadhani Mzee Ojwang’, aliyefariki 2015, alikuwa mnene kupindukia. Kosa si lake. Picha za enzi hizo zilikuwa na uwiano wa 4:3, ilhali kioo cha leo ni 16:9. Runinga ikiivuta picha ijaze kioo, kila kitu hupanuka kwa thuluthi moja. Ukiikuza badala ya kuivuta, robo yake hukatwa juu na chini.

Kwa rimoti, fungua menyu ya picha, uchague 4:3. Isipobadilika, rekebisha king’amuzi. Sehemu nyeusi zitakazobaki kandoni si hitilafu. Heri nafasi tupu kuliko kumpotosha marehemu sura.