Je, Wajua? Nyuki wa Nakivubo na kiu yao

Je, wajua kwamba ukimwekea nyuki bakuli la maji ya bomba, na kando yake pana dimbwi la matope, huenda akalipita bakuli akatua matopeni? Maji safi hayanuki, na nyuki huyatafuta maji kwa kunusa zaidi kuliko kwa kutazama. Tena dimbwi lina chumvi na madini ambayo maua hayampi ya kutosha.

Kwa hesabu hiyo, Nakivubo hapa Kampala ni mahali pa neema. Mfereji wake hubeba maji ya mvua pamoja na maji taka ya katikati ya jiji, ukapita karibu na Soko la Owino na uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1926, kisha ukaingia kwenye kinamasi cha mafunjo kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Ndani ya kinamasi watu wamelima magimbi. Nekta huipati kwenye mafunjo, kwa kuwa huchavushwa na upepo. Lakini maji yapo kila mahali, na si ya mtaroni tu: alfajiri gimbi lenyewe hudondosha matone kwenye ncha ya jani, maji yaliyopandishwa na mizizi. Hiyo ndiyo bilauri ya nyuki, nami ningemwombea aipendelee hiyo kuliko ya mfereji.

Maji anayoyapeleka mzingani hayawekwi akiba kama asali. Mengine hulegeza asali nzito na chakula cha watoto. Mengine hutandazwa kwenye masega na kupepewa kwa mabawa, hadi chumba cha watoto kibaki karibu nyuzi joto 35. Mjerumani Martin Lindauer aliwahi kuweka mzinga juani kwenye mawe ya volkano kusini mwa Italia, nje joto likiwa nyuzi 70. Ndani halikupanda, kwa kuwa nyuki walikuwa na mahali pa kuchota.

Ni yeye pia aliyegundua jinsi mchota maji anavyojua kama bado anahitajika. Akirudi akadakwa mlangoni na wenzake, huelewa kwamba kiu ni kali, huondoka tena mbio, na hata huwachezea wengine ngoma ya kuwaelekeza. Akikosa wa kumpokea, akazunguka na mzigo wake dakika kadhaa, huacha kazi hiyo.

Mwenye mzinga bustanini basi awahi na karai kabla ya kiangazi cha Desemba. Nyuki akishazoea bomba linalovuja la jirani, kumhamisha ni kazi, na ugomvi utakuwa wako. Weka mawe yatokeze juu ya maji, maana nyuki huzama upesi. Badilisha maji kila baada ya siku chache, la sivyo utafuga mbu. Wengine hutia chumvi ili nyuki wavutike. Chembe tu, hupiki mchuzi.