Kabla Hatujashuka Ngorongoro: Gari la Mlimani Linavyofanya Kazi

Kila ziara ya Ngorongoro inapopangwa, mjadala huwa uleule: kwa nini tukodi Land Cruiser kwa hela nyingi wakati Coaster ipo na inabeba watu wengi? Jibu fupi ni kwamba gari lisilo na foo-wili haliruhusiwi kushuka kreta. Lakini katazo hilo lina sababu zake, na sisi ambao kesho tutasindikiza watoto wa watu tunapaswa kuzijua.

Ukitokea Usagara unapita Kisesa, Magu na Lamadi, unaingia geti la Ndabaka, kisha unakatisha Serengeti. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200. Huku kwetu tumezoea mawe na vilima vifupi. Kule unashuka takriban mita 600 kwa barabara ya Seneto, na kurudi juu kwa barabara ya Lerai.

Tuanze na difu. Gari la kawaida husukumwa na magurudumu mawili, na katikati yake kuna difu inayoruhusu tairi la nje kuzunguka haraka kuliko la ndani kwenye kona. Kwenye lami hilo ni jambo zuri. Kwenye tope, difu hiyohiyo hupeleka mzunguko kwa tairi lisiloshika: moja linazunguka bure, jingine limetulia, abiria mmeshuka kusukuma. Foo-wili hugawa nguvu kwa magurudumu yote manne, na baadhi ya magari huweza kufunga difu ili matairi yazunguke pamoja.

Kupanda, hata hivyo, siyo kazi ngumu zaidi. Kazi iko kwenye kushuka. Breki husimamisha gari kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva akikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, pedi hupata moto na kupoteza mshiko, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Mapovu yakiingia, pedali inazama bila gari kupungua mwendo. Dawa yake ni kushuka kwa gia nzito: injini yenyewe inalizuia gari, breki zinatumika kidogo tu. Kuweka fri ili kubana mafuta ni kuitupa kinga hiyo.

Wala tusidhani hatari iko porini tu. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la shule lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, na watu 35 wakafariki, wengi wao watoto waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Barabara ile ni ya lami.

Kwa hiyo, wadau wa kamati za ziara, kabla ya kulipa tuulize: gia ya foo-wili inafanya kazi, au ni nembo tu mlangoni? Matairi yana meno? Breki zilikaguliwa lini? Mizigo mizito ikae chini, siyo kwenye keria, kwa sababu gari lenye uzito juu hupinduka kirahisi kwenye mwinamo. Na idadi ya abiria ilingane na viti. Kama hela haitoshi, tupunguze majina kwenye orodha au tusogeze tarehe.