Ukame na Visima vya Visiwani

Wenzangu wa bara wakisikia neno ukame hufikiri nchi iliyopasuka na ng'ombe waliokufa. Mimi ni mtu wa pwani, nami napenda kuwaeleza jinsi ukame unavyotudhuru sisi tuliozungukwa na maji.

Tazameni Macaloe, kisiwa kidogo cha matumbawe katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Visiwa vya namna hii havina mito. Mvua ya Disemba hadi Aprili hunywewa na mchanga, na maji yake hukaa chini ya ardhi, yakielea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Wataalamu hukadiria kuwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi chini yake. Basi mvua ikikosa, maji matamu yakishuka kidogo tu kwa juu, yale ya chumvi hupanda sana kwa chini.

Hapo kisima huharibika. Kiu haikatiki, sabuni haitoi povu, mboga hufa, na mabinti huacha masomo wakitafuta maji mbali. Anayechimba zaidi hujidanganya, maana huifuata bahari.

Dawa ni kuteka kidogo kidogo katika visima vifupi vingi, na kukinga mvua ya mapaa katika mabirika kabla ya kiangazi. Kisimani pia, haraka haraka haina baraka.