Mwenzetu Anapostaafu, Sisi Tunaobaki Tujiulize Nini?



Hivi karibuni wodi yetu ya wazazi ilimuaga mkunga aliyetumikia zaidi ya miaka 30. Alipewa vitenge na godoro, tukala pilau, Padre akambariki. Juma lililofuata, tuliobaki tukaanza kuugua. Mmoja alilalamikia kichwa, mwingine akasema usingizi umempotea, wa tatu akatangaza kwamba anaacha kazi akafuge kuku. Nikaona jambo hili linafaa ukurasa wetu wa afya, maana haliwapati wauguzi peke yao. Humpata mwalimu, karani, hata katekista.

Mtu uliyezoea kumwona kila siku akiondoka, moyo huanza kuhesabu: je, mimi nimebakiwa na miaka mingapi? Hapa Tanzania mtumishi wa umma aweza kustaafu kwa hiari akifikia miaka 55, na kwa lazima akifikia 60. Kwa hiyo sisi tuliovuka hamsini hesabu yenyewe ni fupi. Kuhesabu siyo ugonjwa. Lakini wasiwasi ukikaa moyoni, mwili hutoa homoni zilezile ambazo ungezitoa ukikutana na nyoka njiani: mapigo ya moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka katika damu. Kwa siku chache hakuna neno. Kwa miezi mingi, mwenye presha au kisukari huumia.

Basi ushauri wa kwanza: usiandike barua ya kuacha kazi katika majuma hayo ya majonzi. Zungumza kwanza na mwenzako wa ndoa, ulale, uzungumze tena.

Mitaani husemwa kwamba fulani alistaafu na mwaka haukuisha akafa. Wengine husema pesa za kiinua mgongo zina mkosi, au amerogwa. Mimi niliyewapokea baadhi yao wodini naona sababu iliyo wazi zaidi. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili, hivyo mtu huweza kuishi nalo miaka mingi bila kujua. Alipokuwa kazini alikwenda kwa miguu asubuhi na jioni, alikula kwa saa, alikuwa na watu wa kumsalimu na kumuuliza mbona leo umenyong'onyea. Siku ya kuagwa vyote hivyo hukoma pamoja. Sasa anakaa kwenye kiti barazani, chai na maandazi vinamfuata, jioni marafiki wa pesa wanamwita kilabuni. Na aliyekuwa akimeza dawa huziacha, akidhani kwamba akipumzika presha itashuka yenyewe. Haishuki. Kiharusi humkuta hapo. Kabla hujaondoka kazini ulizia kama kadi yako ya bima ya matibabu itaendelea, na dawa utazichukulia wapi.

Wengi wakipanga kustaafu hupanga fedha tu. Fedha ni lazima, sikatai. Ila jiulize na hili: Jumatatu asubuhi nitakwenda wapi, na nisipofika ni nani atakayeshtuka? Mkunga niliyemtaja alianza kujibu swali hilo miaka minne kabla. Kila Jumamosi aliwatembelea wazee wa jumuiya yake ndogo ndogo na kuwapima presha, na leo anaendelea. Hakungoja kuagwa ndipo atafute la kufanya.

Na huyo wa kuku, nilimwambia aanze na kumi sasa hivi, wakati mshahara bado upo. Kideri kikiingia bandani afadhali kiwakute kumi kuliko mia tano zilizonunuliwa kwa mafao yote. (Na awachanje, kuku wana maradhi kama watoto wachanga.)

Ninyi watoto, msimjie mzee na madaftari ya shida zenu siku pesa zinapotoka. Hilo nalo hupandisha presha.

Kuhusu mwili wenyewe, Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima, hata aliye mzee, ajishughulishe kwa nguvu ya wastani dakika 150 kwa juma, au zaidi. Nusu saa kwa siku tano yatosha. Kutembea kwa haraka kwenda Misa ya asubuhi kunahesabika, kulima bustani pia. Ana nabii wa Hekaluni anatajwa na Mtakatifu Luka kuwa mjane wa miaka 84, naye hakuwa mtu wa kukaa nyumbani.

Huzuni ya kuachana ni ya kawaida na hupungua. Lakini ikizidi majuma mawili, mtu hali, halali, hafurahii alichokipenda, huenda ni sonona. Akisema afadhali afe, msingoje hata siku moja. Mleteni hospitali, na usiku msimwache peke yake. Sonona hutibika, wala siyo upungufu wa imani. Tusimwambie tu asali zaidi, kisha tukamwacha.

Waliofikisha miaka 40 waje wapimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hawaumwi. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kitarudiwa siku nyingine kabla ya kuanzishiwa dawa. Ukija, beba dawa zote unazotumia nyumbani, pamoja na zile za mitishamba, tuzione.