Kamanda wa Gwaride na Safu Iliyo Nyuma Yake

Askari anayekagua gwaride hamtazami kamanda aliye mbele peke yake, hutazama safu. Bunge la Ujerumani lililochaguliwa tarehe 23 Februari 2025 linafaa kukaguliwa kwa jicho hilo hilo.

Katika uchaguzi huo chama cha Mbadala kwa Ujerumani, AfD, kilipata viti 152 kati ya 630 na kuwa chama cha pili. Ni chama cha mrengo mkali wa kulia kilichoasisiwa mwaka 2013, nacho hujitangaza kuwa msemaji wa raia wa kawaida dhidi ya wakubwa waliomsahau. Mgombea wake wa ukansela alikuwa mwanamke, Alice Weidel. Asiyechungulia nyuma yake angedhani wanawake wamepata chama cha kuwapandisha. Lakini kati ya wabunge hao 152, wanawake walikuwa 18 tu.

Mwaka 2013 wanawake walikuwa zaidi ya asilimia 36 ya Bunge zima. AfD ilipoingia kwa mara ya kwanza mwaka 2017, idadi ilishuka hadi asilimia 31 hivi. Ilipanda mwaka 2021, ikashuka tena mwaka 2025: wanawake 204, hata theluthi haikutimia. Haki inadai isemwe kwamba AfD haikuwa peke yake. CDU na CSU, vyama ndugu vya kihafidhina vilivyoshinda, vilikuwa na wanawake 48 kati ya wabunge 208.

Chanzo kikubwa ni orodha za vyama. Mpiga kura wa Ujerumani ana kura mbili, moja ya mgombea wa eneo lake na moja ya chama, na kura ya chama huwafaa walioandikwa juu katika orodha. Hakuna sheria ya taifa inayolazimisha mwanamke aandikwe. Chama cha Kijani, kwa kanuni kilichojiwekea mwaka 1986, hupishanisha majina. Kilipata wanawake 52 kati ya wabunge 85. AfD hukataa kanuni hiyo, ikidai mtu achaguliwe kwa uwezo wake. Jimbo la Thuringia lilipotunga sheria ya kupishanisha majina mwaka 2019, AfD ilikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Katiba ya jimbo hilo iliifuta. Hoja ya uwezo hupendeza masikioni, ila haielezi kwa nini uwezo huo ukapatikana kwa wanaume 134 na wanawake 18.

Rwanda, nchi jirani, ilipita njia nyingine. Katiba yake ya mwaka 2003 ilitenga viti 24 kati ya 80 kwa wanawake, na mwaka 2008 wakawa zaidi ya nusu ya wabunge, jambo ambalo halijapata kutokea popote kabla ya hapo. Sauti ya kila mbunge ni suala jingine.

Kwa askari jambo hili haliko mbali. Tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 1994, jeshi la Ujerumani haliwezi kutumwa vitani nje ya nchi bila idhini ya Bunge. Tangu mwaka 2001, baada ya Mjerumani mmoja mwanamke aliyenyimwa kazi ya ufundi wa silaha kushinda shauri lake katika Mahakama ya Ulaya, wanawake wamefunguliwa vikosi vyote. Idhini ya kuwapeleka mstari wa mbele hutolewa na Bunge ambalo zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wake ni wanaume.