Zabibu kavu za mtoto: unyevu wa Pwani usizitie ukungu

Zabibu hustawi Dodoma, kwenye hewa kavu, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kibaha na Kisarawe hewa ina unyevunyevu mwingi. Zabibu zikianikwa chini hukawia kukauka, zikaota ukungu.

Mzazi anayekausha nyumbani atumie kaushio la jua: zabibu zilizooshwa hutandazwa juu ya wavu safi ulioinuliwa, ndani ya kasha lililofunikwa nailoni inayopitisha mwanga, lenye matundu ya hewa. Kilo 4 mbichi hutoa takriban kilo 1.

Zikiota ukungu, zitupwe zote. Kuziosha hakuondoi sumu. Mtoto wa chini ya miaka 5 akatiwe vipande vidogo, ale akiwa ameketi, kwani zabibu nzima inaweza kumkwama kooni.