Makaa ya Nakuru Yanayoanzia Chooni

Mjini Nakuru, Kenya, bomba la maji taka halijazifikia nyumba nyingi. Watu hutumia vyoo vya shimo, na shimo likijaa huita gari la kunyonya uchafu. Sehemu ya uchafu huo hugeuzwa makaa na NAWASSCOAL, kampuni tanzu ya NAWASSCO, kampuni ya maji ya mji huo.

Anayesikia habari hii huwaza harufu, lakini kinachowasumbua mafundi ni maji. Tope la choo mara nyingi huwa na maji zaidi ya asilimia 90, na ukilikausha kwa moto unateketeza nishati ileile unayoitafuta. Ndiyo maana Nakuru hulianika kwenye mabanda ya plastiki, jua likavuta maji bure. Likishakauka huingia kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la mamia ya nyuzi. Humo mayai ya minyoo na vimelea vya kipindupindu hufa, gesi zenye harufu hutoka, na kaboni hubaki. Husagwa, huchanganywa na unga wa mbao uliochomwa vivyo hivyo, hushikanishwa kwa molasi, kisha hufinyangwa kuwa madonge ya kutia jikoni.

Je, nguvu ipo? Ipo. Tope lililopimwa kutoka Kumasi, Dakar na Kampala lilikuwa na wastani wa takriban megajuli 17 kwa kila kilo kavu, si mbali na kuni kavu. Kasoro yake ni majivu mengi, maana mchanga wa shimoni hauungui. Mnunuzi aambiwe hilo waziwazi. Akilijua, bado ana sababu ya kununua: kila gunia la makaa haya ni miti iliyosalimika.

Ninachohofia ni hesabu. Mjini Kigali, kampuni ya Pivot iliuzia viwanda kinyesi kilichokaushwa kama nishati, na hatimaye ikafunga. Naamini mauzo ya makaa pekee hayawezi kulipia magari, mabanda na matanuri. Kuondoa kinyesi mtaani ni kinga ya kipindupindu kabla ya kuwa biashara, na kinga hulipiwa na umma. Serikali za kaunti zitenge fedha za kuhudumia vyoo vya shimo kama zinavyotenga za mabomba, kila mwaka, bila kungoja wafadhili.